Anahema kwa Nguvu au Karibu Hapumui?

Barua za mwezi huu nimezisoma barazani kwangu hapa Rau, na nilipozipanga mezani nikaona karibu zote zinauliza jambo moja: ni lini Kiingereza kinataka kivumishi, na ni lini kinataka kielezi. Kwa waliotoka darasani siku nyingi, kivumishi hueleza mtu au kitu, kama “mwalimu mpole”. Kielezi hueleza tendo, kama “anazungumza taratibu”. Nimefundisha somo hili kwa miaka 31 hapa Moshi na sijawahi kuliona dogo. Barua ya kwanza itawaonyesha sababu.

*

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msaidizi wa mwongozaji, napandisha wageni Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Nilianza kwa kubeba mizigo. Msimu uliopita, usiku wa kwenda kileleni, mgeni wangu mmoja alianza kuhema sana kabla hatujafika Stella Point. Nikamwita mwongozaji mkuu kwa redio ya upepo, na kwa sababu wageni walikuwa wanasikiliza nikatumia Kiingereza: “He is hardly breathing.” Basi wakaja watu wawili mbio na chupa ya oksijeni, na dada wa yule mgeni, aliyekuwa hatua kumi nyuma yetu, akaketi kwenye kokoto akaanza kulia. Mgeni mwenyewe alikuwa amekaa juu ya jiwe anakunywa chai ya tangawizi. Niliambiwa nimekosea, lakini hakuna aliyenieleza kosa liko wapi. Si tulifundishwa kwamba kielezi kinaongezwa -ly? — Msaidizi, Machame

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mkasa huo, na asante kwa kuandika jambo ambalo wengi wangelificha. Huyo dada aliyeketi kwenye kokoto ndiye aliyenifanya nianze na barua yako.

Ulitaka kusema kwamba mgeni anahema kwa nguvu, na Kiingereza chake ni “He is breathing hard.” Ulichosema ni kwamba pumzi karibu inakatika. Wenzako walifanya kilichowapasa. Kwa maneno yale hata mimi ningekimbia na oksijeni.

Hukukosea kwa uvivu. Ulifuata kanuni, na kanuni yenyewe ni ya kweli kwa maneno mengi: “slow” huzaa “slowly”, “careful” huzaa “carefully”. Lakini “hard” ni kivumishi na kielezi papo hapo, bila kuongezewa chochote. “A hard stone” ni jiwe gumu, na “She works hard” ni anafanya kazi kwa bidii. “Hardly” limekwisha kujitenga, limekuwa neno jingine lenye “hapana” tumboni mwake. Ukimwandikia mtu barua ya kumsifu kazini ukaweka “She hardly works”, umemnyima kazi, maana umesema karibu hafanyi kitu. “I hardly slept” ni usiku kucha karibu sikupata usingizi. Na kwa kuwa ukanushi umo humo ndani, usiuongeze mwingine. Sema “I can hardly see”, si “I can't hardly see”.

Umeuliza kwa nini, na swali hilo nalipenda kuliko yote. Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya mwaka 1100 hivi, kilikuwa na njia ya kutengeneza kielezi kwa kuongeza irabu “e” tu mwishoni mwa kivumishi. Miaka ilivyokwenda irabu hiyo ikafifia midomoni mwa watu mpaka ikapotea kabisa, na kivumishi na kielezi vikabaki na sura moja. “Hard” na “fast” ni mabaki ya zama hizo. Ndiyo maana neno “fastly” huliwezi kulipata: “a fast car”, “he walks fast”, basi. Na “hardly” nalo zamani lilikuwa na maana ile ile uliyoidhani wewe, kwa nguvu. Baadaye likahamia kwenye “kwa taabu”, mwisho likatua kwenye “karibu hapana”. Umechelewa karne kadhaa tu, mwanangu, lakini masikio ya leo yanasikia maana ya leo.

Kuna jozi nyingine itakayokusumbua huko juu, kwa sababu Kiswahili chetu kinaifunika yote kwa neno moja: karibu. “Tuko karibu na Barafu” ni “We are near Barafu Camp.” “Karibu tunafika” ni “We are nearly there.” Neno “near” linataja umbali wa mahali. “Nearly” linahesabu kilichobaki kabla jambo halijatimia: “nearly midnight”, “nearly finished”, “I nearly fell”. Na mgeni akikuuliza “Have you been sick lately?” anataka kujua kama umeugua siku za karibuni. Hakuna kuchelewa humo. Kuchelewa ni “late”: “We arrived late.”

Kwenye redio tumia sentensi ambayo haiwezi kusikika vingine: “He is breathing hard, but he is talking and drinking.” Iseme kwa sauti ukiwa unatembea, mara ishirini, mara thelathini, mpaka mdomo uizoee. Usiku ule wa baridi hutapata nafasi ya kukumbuka kanuni.

*

Mwalimu, habari za Rau? Sisi ni kikundi cha akina mama wa Uru. Kahawa tunaichuma vihambani kwetu, tunaianika, tunaikaanga wenyewe na kuifunga pakiti za gramu 250. Mjukuu wangu aliyeko sekondari alitutungia maneno ya lebo: “Our coffee smells sweetly and tastes well.” Mteja mmoja mgeni aliisoma akatabasamu, akanunua pakiti mbili, hakusema kitu. Tabasamu lile limenikosesha raha. Baba watoto anasema maneno ni sahihi, kwa sababu kahawa inanukia vizuri, na vizuri ni “well”. Zimebaki lebo 400. Tuzitupe? — Mama wa kikundi, Uru

Salama mama, tunamshukuru Mungu. Lebo msizitupe, nitarudi huko.

Sentensi yenu ni “Our coffee smells sweet and tastes good.” Mjukuu hajafanya uzembe, na baba watoto ana haki ya kushangaa, maana wote wawili wameongozwa na Kiswahili kizuri. Sisi tunasema “inanukia vizuri”, “najisikia vibaya”. Neno likifuata kitenzi tunalivika “vi” na mambo yamekwisha. Kiingereza chenyewe huuliza kwanza: sifa hii ni ya nani? Ni ya tendo, au ni ya kitu chenyewe?

Hebu mfikirie mwonjaji wa kahawa. Anachota kijiko, anakivuta kwa nguvu mpaka mlio unasikika chumba cha pili, anakizungusha kinywani, anatema. Huyo ni mtu anayefanya tendo, na tendo lake lina namna yake: “She tastes the coffee carefully.” Hapo kielezi kina kazi. Sasa igeukieni kahawa iliyomo kikombeni. Kahawa haionji kitu wala hainusi kitu. Imetulia tu, na uzuri ni wake yenyewe: “The coffee tastes good.” Neno linaloeleza kitu ni kivumishi. Mkiandika “tastes well”, msomaji makini anaona kahawa yenye ujuzi wa kuonja. Na “smells sweetly” ni kama kahawa yenye pua inayonusa kwa utamu. Nadhani mteja wenu aliiona picha hiyo.

Wala jambo hili si geni kwetu kama linavyoonekana. Mtazame mtu anayepita barabarani. Tutasema “anaonekana mgonjwa”, lakini tutasema “anatembea kigonjwa”. “Mgonjwa” ni yeye, “kigonjwa” ni mwendo wake. Hakuna aliyewahi kutufundisha tofauti hiyo, tumeinyonya na maziwa. Kiingereza kinafanya vivyo hivyo kwenye “look”, kisha kinaendelea mbali zaidi yetu kwa “smell”, “taste”, “sound” na “feel”. Sisi tuliishia kwenye kuonekana.

Mjukuu akitaka kipimo, mpe hiki. Aondoe kitenzi aweke “is”, kisha aangalie kama picha imebaki ile ile. “The coffee smells sweet”, “The coffee is sweet”: bado tunaizungumzia kahawa ile ile na utamu wake. Sasa ajaribu “She sings beautiful”. Akiweka “is” anapata “She is beautiful”, na hapo tumeacha kusifu sauti tumehamia kwenye sura. Picha imebadilika, kwa hiyo kielezi kinahitajika: “She sings beautifully.” Jumapili mkisikiliza kwaya anaweza kujizoeza kimoyomoyo. Yule dada wa safu ya mbele “looks tired”, lakini “sings beautifully”. Kitenzi kimoja kinaweza hata kubadili upande: “He looked angry” ni alionekana mwenye hasira, “He looked angrily at me” ni alinitazama kwa hasira.

Hapa namwita tena kijana wangu wa Machame, kwa sababu mgeni akiugua mlimani atatumia kitenzi hicho hicho cha kujisikia: “I feel sick”, “I feel dizzy”, “I feel weak”. Vyote vivumishi. Asisubiri kusikia “badly”. Na “well”, ambalo kwa kawaida ni kielezi cha “good”, likizungumzia afya huwa kivumishi: “I don't feel well” ni siko sawa mwilini. Akiisikia hiyo asimame amuulize zaidi.

Sasa lebo. Katika ile uliyoniambatishia, sentensi hiyo iko peke yake mstari wa chini kabisa, chini ya uzito. Chukueni mkasi muukate mstari huo. Jina la kahawa, uzito na mahali inakotoka vyote vitabaki. Kwa akina mama kadhaa mkikaa pamoja, ni kazi ya mchana mmoja. Maneno mapya yaje na lebo za mara ijayo.

*

Mwalimu, mimi nachora mabango Arusha, karibu na soko la Kilombero. Mwenye hoteli moja ya chakula amenipa maneno: WE SERVE YOU GOOD AND FRIENDLY. Mwenzangu anasema “good” liwe “goodly”, ila “friendly” liko sawa kwa sababu lina -ly. Rangi ya chini imeshakauka na bango lina futi nane tu. Nikianza herufi sirudi nyuma. — Mchoraji, Kilombero

Hujaanza, Mungu mkubwa. “Goodly” lisikae kwenye bango la mtu: ni kivumishi cha zamani chenye maana ya kitu kikubwa au cha kuvutia, na hapo hakina kazi. Kielezi cha “good” ni “well”, neno tofauti kabisa, na halina njia nyingine ila kukaririwa.

Kuhusu “friendly”, mwenzako amedanganywa na mkia. “Friendly” ni kivumishi, sawa na “lovely”, “lonely” na “elderly”. Mkia huo wa -ly una asili yake: unatokana na neno la kale lililokuwa na maana ya mwili au umbo. “Friendly” ni mwenye umbo la rafiki. Mkia huo huo ukatumika kutengeneza vivumishi, na ukatumika kutengeneza vielezi, ndiyo maana leo vinafanana usoni. Ki- yetu nayo ina kazi hizo mbili: “salamu za kirafiki” na “alinisalimia kirafiki”. Tofauti ni kwamba Kiswahili kinaruhusu “kirafiki” kote kuwili, na Kiingereza hakiruhusu “friendly” lieleze tendo. Lazima useme “in a friendly way”, maneno mengi kwa bango la futi nane.

Mshauri mwenye hoteli uandike GOOD FOOD, FRIENDLY SERVICE. Vivumishi viwili, kila kimoja mbele ya nomino yake, hakuna kitenzi cha kukusumbua. Nimehesabu: herufi 23 badala ya 25 alizokupa. Nafasi inayobaki mchoree sufuria.

*

Shikamoo Mwalimu. Nipo Kidato cha Tatu, naishi Majengo. Nimekatwa alama kwa kuandika “Drive slow”. Lakini wazungu nawasikia wakisema “Go slow”. Nani amekosea? — Mwanafunzi

Marahaba. Hakuna aliyekosea, ila mmesimama mahali tofauti. “Slow” ni ndugu wa “hard” na “fast”: limekuwa kielezi kwa karne nyingi, na huko Uingereza wanaandika SLOW barabarani kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, kabla ya kona kali. Kwenye mazungumzo na kwenye alama za njiani linakubalika. Kwenye insha na kwenye mtihani “slowly” ndilo linalotarajiwa, na mwalimu wako anakuandaa kwa mtihani. Andika “Drive slowly”, usibishane naye kwa hilo. Na ukiandika “careful” mahali pa “carefully”, hapo huna utetezi wowote.

*

Mwalimu, mimi ni dereva wa watalii, Arusha. Tulikuwa tumeshapita Karatu, vumbi na joto, wageni kimya. Nikawauliza kwa huruma, “Are you boring?” Mmoja akacheka, wengine wakatazama dirishani. Nimewakosea nini? — Dereva, Sakina

Umewauliza kama wao ni watu wa kuchosha. Ulitaka “Are you bored?” Kiswahili chako mwenyewe kinakufundisha hili vizuri kuliko kitabu chochote, kwa hiyo sikiliza vitenzi vyetu: kuchosha na kuchoka, kushangaza na kushangaa, kufurahisha na kufurahi. Anayesababisha ana “-sha” au “-za”, na anayepatwa hana. Kiingereza kinampa msababishaji “-ing” na mpatwaji “-ed”. Safari ya kuchosha ni “a tiring journey”, na abiria waliochoka ni “tired passengers”. Simba anashangaza, “The lion is surprising”, wageni wameshangaa, “The guests are surprised.” Ukiwa na shaka, liseme kwanza kwa Kiswahili moyoni. Ukisikia “-sha” au “-za”, weka “-ing”.

*

“Bora zaidi” si “more better”? — Msomaji, Pasua

Hapana, ni “better” tu, maana “zaidi” imo ndani yake tayari. Vivyo hivyo “worse”, “cheaper”, “faster”. “More” ni ya maneno marefu kama “comfortable” na “expensive”.

Napokea wageni kwenye nyumba ya kulala wageni Usa River. Nilisema “I like very much your country”, mgeni akanirekebisha. — Dada wa mapokezi

Alikurekebisha kwa haki. Sisi tunasema “napenda sana nchi yenu” na “napenda nchi yenu sana”, zote sawa. Kiingereza hakipendi kielezi kiingie katikati ya kitenzi na kitu kinachotendwa. “I like your country very much.” “You speak English well”, si “You speak well English”. Acha kitenzi kishikane na kitu chake kwanza, halafu “sana” ije nyuma.

Nauza vitenge karibu na stendi hapa Moshi. Namsifu mteja, “You are too beautiful”, anabaki amekunja uso. — Binti wa vitenge

Wewe ulitaka “sana”, ukasema “mno” ile ya kupita kiasi. “Sana” ni “very”: “You look very beautiful.” “Too” hubeba lawama kidogo, kwamba jambo limevuka mpaka na linazuia kitu: “This bag is too heavy”, siwezi kuubeba. Neno hilo lisikilize zaidi kwa mteja kuliko kulisema. Akisema “It's very expensive” bado hajakataa, anakupima. Akisema “It's too expensive” bei imempita, basi mpunguzie au umwonyeshe kitenge kingine.